Dole Lisilo na Mistari

Muuguzi aliniwekea kibati cha wino mapajani, na karatasi juu yake.

"Bibi hawezi kukaa, dada, na faili linasema hajui kuandika. Weka dole gumba wewe, hapo chini ya jina lake. Nani atauliza? Kesho asubuhi tunamwingiza kwenye upasuaji."

Akaondoka kwenda kitanda cha jirani. Mama yangu, Koleta, alikuwa amelala ubavu akitazama ukuta. Kizazi chake kilikuwa na uvimbe. Daktari alikuwa amenieleza mlangoni, bila kuzunguka, kwamba kikitolewa sasa ana matumaini, na kikiachwa hatafika Krismasi. Nilitazama dole langu. Ni laini, halina mstari hata mmoja. Lingeweza kupita kama dole la mtu yeyote.

Nilianza kubangua korosho nikiwa na miaka kumi na minne, kwetu Nambilanje. Mafuta ya ganda hayana huruma na ngozi. Tulijipaka majivu mikononi, lakini majivu yale yalikuwa ya kujiliwaza tu. Siku niliyokwenda kusajili laini ya simu, wakala alifuta kimashine chake cha alama za vidole mara sita, akaniuliza kama nimewahi kuiba benki. Nilicheka naye, maana wakati ule nilikuwa bado nacheka. Mama yeye hakubangua. Moshi ulimbana kifua, akabaki na shamba lake la ufuta na kisu chake cha mihogo, ambacho mwaka nilioingia darasa la kwanza kilimkata dole gumba la kulia karibu na mfupa. Kovu lilibaki limepita katikati ya dole, na tangu siku hiyo akawa anamenya taratibu.

Mwaka 2016 nilishikwa na uchungu kwa siku mbili. Nilipelekwa hospitali ambayo sitaitaja, kwa sababu waliopo sasa si wale. Mume wangu, Maximilian, alikuwa kibaruani Mtwara, na aliyekuwa nami ni mama peke yake. Nilichomwa nusu kaputi katikati ya Salamu Maria. Nilipozinduka nilikuwa na mtoto wa kiume pembeni yangu, analia kwa hasira kama aliyedhulumiwa. Tulimwita Alfred. Aliishi siku tatu.

Baada ya hapo tukasubiri mwingine. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mimi nilivumilia miaka mitano na nilichokula ni mizizi. Kila mwezi mama alikuja na sufuria yake ya dawa, akaichemsha kwangu, akasimama mbele yangu mpaka nimalize kikombe. Maximilian alianza kwa kunyamaza wakati wa kula. Kisha akaanza kulala Ruangwa mjini, na mwishowe akazaa huko. Niliumia sana. Nilikuwa nalia chooni ili majirani wasipate cha kusimulia kisimani, halafu natoka nanawa uso na kwenda kubangua.

Mwaka 2021 nilijikusanya nikaenda Nachingwea kwa daktari mmoja mwanamke, Yasmini. Alinipiga picha ya mirija ya uzazi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ulifunga uzazi mwaka gani?"

"Sijafunga."

Alivua miwani. "Mirija yako imekatwa, dada. Nenda kaombe faili lako kule ulikojifungulia."

Nilikwenda. Karani wa mafaili, Hemedy, alinizungusha siku mbili. Ya tatu alinipa benchi na faili. Karatasi ilisema kwamba mimi, Agatha Teofili, nimeelezwa, nimeelewa na nimekubali kukatwa mirija. Chini yake palikuwa na dole gumba.

"Si hili hapa, dada? Ulikubali mwenyewe."

"Mimi nimemaliza la saba. Jina langu naliandika."

"Uchungu ukikolea, nani anakumbuka kuandika?"

Nilimwomba wino na kipande cha karatasi, nikabandika dole langu, nikakiweka pembeni ya lile. Langu lilitoka doa tupu. Lile la kwenye faili lilikuwa na mistari yake yote, na katikati lilikuwa na ufa mweupe uliokatiza kutoka upande hadi upande. Hemedy aliangalia moja, akaangalia jingine, akafunga faili taratibu. Hakusema tena kwamba nilikubali. Mimi sikuwa na haja ya kumuuliza lolote, kwa sababu mwenye dole lile nilikuwa nimeshamjua.

Nilimkuta mama uani anamenya mihogo. Nilimwambia nilichokiona. Hakukana.

"Walisema ukishika mimba nyingine kizazi kitachanika, utakufa. Wakasema lazima wapate jibu wakati tumbo bado liko wazi. Mtoto alikuwa analia pale pale. Nikasema huyu mmoja anatosha, mradi mama yake awepo."

"Ningezinduka baada ya saa mbili, mama. Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Labda."

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu."

"Na mizizi? Miaka mitano unaninywesha mizizi?"

Alimaliza kumenya mhogo aliokuwa nao ndipo akajibu. "Alfred alipokufa sikuwa na mdomo wa kukwambia. Nikawa namwomba Mungu dawa ishinde kisu."

Niliondoka. Nilimchukia mama yangu, nasema wazi, nilimchukia miaka miwili mizima bila kukanyaga kwake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi wa kwangu nilijaliwa siku tatu tu za kuujua. Nilirudi pale alipoanza kutokwa damu, kwa sababu hakuwa na mwingine.

Na sasa kibati cha wino kilikuwa mapajani mwangu.

Nilimwamsha. Nilimsomea karatasi yote kwa Kimwera, mstari kwa mstari, na pale maneno ya daktari yaliponishinda nilieleza kwa mkono juu ya tumbo langu mwenyewe. Alisikiliza amefumba macho.

"Watakitoa chote?" aliuliza.

"Chote."

"Na nikikataa?"

"Utakufa, mama. Daktari amesema kabla ya Krismasi."

Alifumbua macho. "Basi nirudishe nyumbani. Nimezaliwa nacho, nizikwe nacho."

Nilimsihi. Nilipiga magoti kwenye sakafu ile, watu wanatazama. Nilimwambia sina mume, sina mtoto, anibakizie hata mama. Alinyoosha mkono akanishika kichwani, kama alivyokuwa akinishika nikiwa na homa ya utotoni.

"Hapana, Agatha," alisema. Akageukia ukuta.

Nilikaa peke yangu na kibati kilicho wazi. Doa langu tupu lingekubalika kabisa kuwa la mwanamke mzee aliyechakaa vidole kwa jembe. Angezinduka, angekasirika, angeacha hata kusema nami, lakini angekuwepo. Nilichovya. Niseme ukweli wangu wote, nilichovya. Dole lilifika juu ya jina lake, likabaki hapo hewani, na ndipo nilipojua mkono wake ulikuwaje siku ile akisikiliza Alfred analia. Sikumsamehe wakati ule. Nilimwelewa tu, na kumwelewa kuliniuma kuliko chuki yote niliyokuwa nayo.

Nilifuta dole kwenye kanga, nikafunika kibati.

Muuguzi alirudi. "Umeshaweka?"

"Mgonjwa amekataa."

"Bibi hajui anachosema. Sasa wewe unamwacha afe?"

Nilikwenda nje kutafuta gari la kuturudisha Nambilanje.

Alikufa siku tisa kabla ya Krismasi, akiwa na maumivu makali ambayo kila usiku yalinifanya nijiulize kama mimi ni mtoto au ni mchawi. Wanawake wa jumuiya walikuja kumwosha. Niliwaomba waniachie mkono wa kulia, ule wenye kovu, nikauosha mwenyewe.