Mjumbe wa Sita

Saa moja na dakika tano asubuhi supavaiza Zaidi alipanda juu ya kreti iliyopinduliwa na kuanza kuita majina. Kwa kawaida huita kwa madaha, lakini leo alikuwa mbiombio. Malori matatu ya zabibu kutoka Hombolo yalikuwa yamejipanga nje ya geti la kiwanda cha mvinyo, juisi inachuruzika kwenye lami, na nyuki walishapata habari.

"Swaumu Juma."

"Nipo, ila kiuno kimebaki Nkuhungu."

Watu wakacheka.

"Antonia Sima."

"Nipo."

"Noeli Bernardo."

Kicheko kikafa. Noeli Bernardo alikuwa kaburini kwao Chemba, wiki ya sita sasa. Wiki ya kwanza mtu mmoja alijibu "Marehemu!" na akafokewa asilete masihara kazini. Tangu hapo walizoea kunyamaza. Jina linaitwa, kimya kinapita, Zaidi anaweka tiki, maisha yanaendelea. Tiki! Wallahi mtu akikusimulia utasema anatunga.

"Sasa unamtiki wa nini?" Antonia aliuliza.

"Dada Antonia, usinianze asubuhi. Karatasi inatoka kwenye kompyuta ya utumishi. Wakimtoa wao, na mimi sitamwita." Alishusha sauti. "Tanki namba nne linatakiwa lioshwe leo. Kikao chenu cha baraza kikiisha, jiandae."



Tanki namba nne ndilo lililomuua Noeli. Mvinyo ukishavutwa, makapi ya zabibu hubaki chini yakichacha, na yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu ya kukuonya. Unaivuta, magoti yanalegea, basi. Mlango wa tanki ni mdogo, upana wake kama ungo, na kiwanda kizima ni watu wawili tu waliokuwa wanapenya bila kukwama mabega, Noeli na Antonia. Walipokezana. Mmoja akiingia na koleo, mwingine anashika kamba nje.

Wote wawili walikuwa watu wa Chemba, wazungumzaji wa lugha ile yenye sauti za kugongesha ulimi ambayo wenzao kiwandani walipenda kuiiga kwa utani. Noeli aliugeuza utani huo kuwa kazi. Kila baada ya muda, kutoka ndani ya tanki, aligongesha ulimi mara mbili, tak, tak, yaani niko salama. Antonia alijibu kwa kugonga bati mara moja. Siku ile tak, tak haikuja, Antonia akagonga. Akagonga tena. Alipovuta kamba ilikuja na uzito wote wa mtu. Noeli alilala hospitali siku nane, akafa, na kwenye makaratasi ya kiwanda ikaandikwa homa ya mapafu.

Antonia aliiota ile sauti karibu kila usiku. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Baada ya msiba alikuja mkaguzi wa usalama kazini. Alikagua matanki, akatikisa kichwa, akaacha barua fupi: mtu yeyote asiingie tankini bila feni ya kuvuta hewa, isipokuwa kama baraza la wafanyakazi litakaa na kukubali kwa maandishi utaratibu mwingine ulio salama. Ndiyo maana leo, msimu umepamba moto na feni haipo, menejimenti iliyokuwa ikikwepa vikao ilikumbuka ghafla kwamba kiwanda kina baraza.

Kikao kilikuwa saa nne, chumba cha juu. Baraza lina wajumbe tisa, wanne wa menejimenti na watano wa wafanyakazi, na akidi ni watu sita. Antonia alihesabu viti alipoingia. Wa menejimenti walikuwapo wote wanne, wamenyoosha mashati. Wa wafanyakazi alikuwapo Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wa tawi, anayestaafu mwezi wa saba na asiyetaka ugomvi na mtu. Zaitun alikuwa likizo ya uzazi. Habibu alihamishiwa ghala la Msalato wiki mbili zilizopita, na barua yake ilisema ruhusa ya kuja vikaoni ataombewa baadaye. Kwa hiyo pamoja na yeye Antonia walikuwa sita kamili.

Mbele ya kila kiti kilichokuwa na mtu iliwekwa chupa ya maji na kibao cha jina. Na mbele ya kiti kimoja kitupu, jirani na chake, vilikuwepo vilevile. Ndg. Noeli Bernardo, Idara ya Matanki. Kizibo cha chupa kilikuwa kimeshafunguliwa.

"Dada Josephine, hii ya nani?"

Josephine, ofisa utumishi, hakuinua macho kwenye kompyuta. "Ya mjumbe."

"Mjumbe amekufa."

"Antonia," alisema Meneja Abdulwahab kwa upole wake wa siku zote, "hata sisi inatuuma. Lakini mjumbe hafutwi hivihivi. Kanuni zenu wenyewe zinasema nafasi inajazwa kwa uchaguzi, na uchaguzi ni mwakani. Tukimfuta, kesho mtasema tumeingilia demokrasia yenu. Tuendelee?"

Wakaendelea. Josephine alisoma pendekezo: wakati feni ikiendelea kusubiriwa, uoshaji wa matanki ufanyike kwa mshumaa na kamba. Mshumaa ukiwaka, hewa ipo. Mtu ataingia.

"Mshumaa na kamba tulikuwa navyo siku ya Noeli," Antonia alisema. "Feni tuliiomba Oktoba. Januari mkasema iko kwenye yatokanayo. Leo iko wapi?"

Josephine alipekua kurasa. "Iko kwenye mengineyo."

"Mzee, na wewe sema basi!"

Bartolomayo alikuwa anakunjua na kukunja leso yake. "Mwanangu, malori yako nje. Zabibu zikioza wote tunapoteza. Tuwe na subira."

"Subira ya kuingia nayo tankini? Leo wa kuingia ni mimi, mzee. Mimi hapa. Wanangu wawili nimewaacha wanakunywa uji."

 Chumba kilikuwa na joto la Machi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya nyuki, lakini Antonia alihisi ubaridi upande ule wa kiti kitupu. Akawatazama mmoja mmoja, na hapo ndipo hesabu ilipomjia. Sita. Sita toa mmoja.

Alisimama. "Mwenyekiti, mimi natoka. Akidi haipo. Naomba iandikwe."

"Ukitoka unawaangusha wenzako," alisema meneja.

"Waliokwisha kuanguka wanatosha, bosi."

Alishuka ngazi, na alipofika chini alicheka peke yake kama mwehu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alisikia njaa. Kwa mama lishe wa getini alikula wali maharage sahani nzima, akamweleza Swaumu mambo yote, na Swaumu akapiga makofi. "Yaani umewatoboa gurudumu! Watano hawapitishi kitu, hata wakae mpaka Pasaka."

Saa nane mchana muhtasari ulibandikwa ubaoni.

Antonia aliusoma mara mbili, na kwa mara ya pili alifuatisha kwa kidole, neno kwa neno. Waliohudhuria: sita. Aliyetoa udhuru: Ndg. Antonia Sima. Kisha: *Ndg. Noeli Bernardo aliliambia baraza kwamba, akiwa mwoshaji wa matanki mwenye uzoefu, haoni tatizo kutumia mshumaa na kamba, na aliushukuru uongozi kwa kujali usalama wa wafanyakazi. Ndg. Bartolomayo aliunga mkono. Hoja ilipita bila kupingwa.*

Chini kulikuwa na sahihi. Ilikuwa ya Noeli kweli, ile N yenye mkia mrefu. Na pembeni yake lilikuwepo doa la dole gumba.  Alilikumbuka doa hilo. Januari Noeli alipanda kikaoni moja kwa moja kutoka kazini, vidole vimekolea zambarau, akachafua karatasi, na Josephine akamgombeza. Sasa doa lilikuwa palepale, umbo lilelile, ila rangi yake ilikuwa kijivu cha mashine ya kunakili. Walikuwa wamekwenda kumtoa kwenye faili la Januari, na dole lake likafuatana naye.

Bartolomayo alikuwa amesimama nyuma yake. Harufu ya ugoro wake ilitangulia.

"Shikamoo," Antonia alisema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu."

"Ulimsikia akisema haya?"

Mzee alitoa leso yake. "Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa. Ikafika kwenye kile kiti, ikaachwa pale mbele ya ile chupa, kama dakika nzima. Wote tulinyamaza tukaitazama. Halafu Josephine akaichukua. Meneja akauliza, kuna anayepinga?" Aliikunja leso. "Nani wa kupinga, Antonia? Nimebakiza miezi minne. Mimi nimeunga mkono tu. Aliyetoa hoja si mimi."

Antonia alimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja. Aliing'oa ile karatasi ubaoni, akaikunja, akaitia mfukoni mwa ovaroli.

Tanki namba nne lilikuwa limeshafunguliwa. Wafanyakazi wa zamu nzima walikuwa wamesogea, kila mmoja akijifanya ana shughuli karibu. Zaidi alimkabidhi kamba, akawasha mshumaa uliofungwa kwenye uzi, akauteremsha mlangoni taratibu. Ulipofika mkono mmoja chini, ulizimika. Haukupepesuka wala kufifia. Ulizimika tu.

"Upepo," alisema Zaidi.

"Upepo uko wapi humu ndani?" Swaumu aliuliza.

Aliuwasha tena. Ulizimika palepale. Zaidi alifuta jasho kwa kiwiko. Kusema kweli naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutumwa. "Dada, baraza limeshapitisha. Mimi nitavuta mwenyewe. Nitavuta haraka."

Antonia aliitua kamba sakafuni. Alitoa karatasi mfukoni akaisoma kwa sauti, yote, mpaka shukrani kwa uongozi. Mtu mmoja nyuma alisema "Yesu wangu." Mwingine akavuta kreti akakaa, na wa pili akakaa, na punde zamu nzima ilikuwa imekaa.

"Mimi nimetoa udhuru," Antonia alisema. "Imeandikwa. Anayesema haoni tatizo ni Noeli. Asubuhi umemtiki, Zaidi, yupo kazini, na zamu ya kuingia ilikuwa yake siku ile, hakuimaliza. Mwite aingie."

"Dada, acha mambo hayo."

"Mwite. Si yupo?"

Ni Swaumu aliyeita. Aliinamia mlango wa tanki, mtani mkubwa wa kiwanda kile, na usoni hakuwa na utani hata chembe. "Noeli! Noeli Bernardo!"

Sauti ilizunguka ndani ya chuma ikachelewa kurudi. Iliporudi ilikuwa nzito, haikufanana na ya Swaumu. Meneja Abdulwahab alikuwa ameshuka, simu sikioni, akauliza kuna nini. Antonia alisogea. Hakujua anafanya nini. Mkono wake ndio uliojua. Aligonga bati mara moja, kama zamani.

 Halafu kutoka chini gizani:

Tak. Tak.

Pengine lilikuwa bomba la maji ya kupoozea, huwa linavuja. Wote walijua linavuja. Lakini hakuna aliyelitaja bomba, na meneja alirudi hatua moja nyuma akakanyaga mshumaa. Machozi yalimtoka Antonia, akayaacha yatoke.

Zaidi alivuta kalamu sikioni. Alifungua karatasi ya mahudhurio, akateremsha kidole mpaka kwenye lile jina.

"Bosi," alisema, "naomba nielekezwe. Huyu nimwandike yupo, au hayupo? Kama yupo, inabidi aingie tankini. Kama hayupo, kikao kilikuwa na watu watano."

Meneja aliutazama mlango wa tanki. Kule nje malori yalipiga honi, moja baada ya jingine. Zamu nzima ilikuwa imekaa kwenye makreti, ikimtazama. Zaidi alisubiri, kalamu iko juu ya karatasi.