Kifuniko Cheupe

Mtu akikuambia fundi wa hospitali alikuwa muongo, mkatalie. Alikuwa mkweli mpaka anaudhi. Ukimpelekea pasi iliyoungua, anakuambia mbele za watu kwamba umeiunguza mwenyewe. Ndiyo maana hata yeye hakuelewa ulimi wake ulitelezaje siku ile ya kifuniko.

Wodi ya watoto njiti ilikuwa na mashine mbili za kuwasaidia kupumua. Ya kwanza ilinunuliwa dukani, nyeupe pe, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi za fedha, na ilishakufa zamani. Skrubu zake hazikubali bisibisi yoyote isipokuwa ya kampuni, na kampuni haipokei simu. Fundi alipokuja kung'oa kifuniko chake kwa hasira, akakuta ndani vipuri visivyouzwa popote.

Ya pili aliiunda mwenyewe, kwa michoro ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali wameiweka mtandaoni bure, kila mtu aione, aijaribu, aikosoe. Kilikuwa kisanduku cha bluu chenye matundu juu na ubavuni, pampu ndani, mrija mwembamba wa kuingia puani kwa mtoto, na mrija mwingine ulioishia kwenye chupa ya maji. Maji yakitoa mapovu, mtoto anapata hewa. Madaktari waliipima wakaipitisha, kwa sharti moja: ndugu wa mtoto wakubali kwanza.

Basi dada mkubwa wa fundi, yule aliyemlea, akajifungua kwa upasuaji kabla ya siku zake. Mwenyewe bado yuko kwenye usingizi wa dawa. Wa kukubali au kukataa akabaki shemeji.

"Hicho kisanduku? Mwanangu?" shemeji alimaka. "Shem, nakupenda, lakini hicho ulikiundia jikoni kwangu! Nimekiona kwa macho yangu kando ya masufuria. Nileteeni mashine ya kweli."

"Ndiyo hii shem, imepimwa na—"

"Vitu vya bure hivyo! Ya dukani iko wapi?"

Fundi akamtazama mpwa wake. Kifua kilikuwa kinabonyea ndani kila mtoto akivuta pumzi, na midomo imeanza kupoteza rangi. Muuguzi mkuu akasema taratibu, "Fundi, mtoto anachoka." Ungekuwa wewe ungefanya nini? Yeye akili zilimruka.

"Ya dukani iko karakana," akasema. "Nilikuwa naitengeneza. Naileta sasa hivi."

Akabeba kisanduku chake mbio, eti anakiondoa njiani. Huko karakana akapangusa vumbi kwenye kile kifuniko cheupe, akakivisha kisanduku cha bluu. Kikakaa sawasawa, kama kilishonwa na fundi cherehani. Aliporudi, muuguzi mkuu aliitazama chupa, ni ile ile, akamtazama yeye, kisha akafunga mdomo na kumwekea mtoto mrija. Mapovu yakaanza. Kifua kikatulia.

"Umeona?" shemeji akapiga kofi pajani. "Kitu cha kampuni ni kitu cha kampuni! Usinune shem, na wewe utafika tu."

Fundi angecheka, ila alikuwa ameweka kiganja juu ya kifuniko, na kifuniko kilikuwa na joto. Lo! Mashine ya kampuni ilikuwa na feni yake. Ya kwake ilitegemea yale matundu, na matundu kayaziba kwa mkono wake. Wale watu wote wa mtandaoni walionya jambo hilo kuliko mengine yote: pampu ikichemka, inasimama. Akifungua, shemeji atachomoa mrija. Akiacha, mrija utabaki puani bila hewa. Akitoka, nani atajua cha kufanya? Akavua kofia, akaanza kuipepea mashine.

"Mbona unaipepea?"

"Joto tu, shem."

"Makubwa! Mashine nayo inatoka jasho?"

Ndipo dada akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umemkauka. Alimtazama mtoto kwanza, akalia kidogo kwa furaha. Kisha akatega sikio. Pampu ile ilikuwa na katabia kasikokuwa na madhara: inasita kidogo, kama mtu anayemeza mate, halafu inaendelea. Dada alipika na sauti hiyo, akafua na sauti hiyo, akaitukana sana tu.

"Hii ni mashine ipi?" akauliza.

"Ya dukani!" shemeji akadakia.

"Namuuliza mjomba mtu."

Mlango wa kusema kweli ndio huo, umefunguliwa wazi, na fundi akashindwa kupita. Alimwona shemeji, akauona mrija.

"Ya dukani, dada."

Fundi akaendelea kupepea, na kiganja sasa kilikuwa kinaungua. Pampu ikaanza kuvuta maneno kama mlevi. Mapovu yakapungua, yakawa moja moja. Hapo hakuwaza tena; akakishika kifuniko kwa mikono miwili, akaking'oa.

Joto likatoka. Kisanduku cha bluu kikabaki uchi mbele ya watu, na juu yake, kwa wino mnene na mwandiko wa fundi mwenyewe, neno moja. Shemeji akalisoma kwa sauti: "Usifunike."

Pampu ikapata nguvu. Mapovu yakarudi tele. Shemeji akaurukia mrija, lakini dada alikuwa amekwisha kumdaka mkono.

"Mwache! Si unaona anapumua?"

"Ametudanganya!"

"Najua. Nilijua tangu naingia mlangoni." Akamgeukia ndugu yake, na wala hakupandisha sauti. "Mashine yako siiogopi. Nimeishi nayo. Nilikuuliza makusudi."

"Dada, nilihofia shem asije—"

Hakumsikiliza, akamwita muuguzi mkuu. "Sista, hakuna fundi mwingine wa kukaa na mtoto wangu?"

"Hakuna, mama. Anayeijua ni huyu peke yake."

Dada akafumba macho kidogo. Fundi alikuwa bado amesimama na kifuniko mkononi, hajui akiweke wapi.

"Basi akae," dada akasema. "Ila akiniambia inakwenda vizuri, sista, nakuomba uje uangalie wewe."