Maji ya Kusuuzia

Siku kiwanda cha kuyeyushia madini kilipofunga chumba chake cha kufulia, wanawake wa mtaa wa wafanyakazi walifurahi. Hilo linachekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka. Zamani wanaume walivua sare palepale kiwandani, zikafuliwa hukohuko, wakaoga na kurudi makwao wakiwa safi. Kisha wakubwa wakakaa vikao vyao, wakaona maji na umeme vinawamaliza, wakatangaza kwamba kila mtu aende na sare yake nyumbani, na kwa usumbufu huo atapewa miche ya sabuni kila mwisho wa mwezi. Sabuni ya bure, nani aikatae? Mama Kidoti alikuwa wa kwanza kusema afadhali. Hakuwahi kupenda mashine ya watu imfulie mumewe nguo, kana kwamba yeye amekatika mikono.

Basi akawa anafua, tena kwa sifa. Kila Jumamosi alizikung'uta sare uani mpaka vumbi la kijivu likamkaa kwenye nyusi, akaziloweka, akazifikicha kola na mikunjo, huku binti yake Kidoti amechuchumaa pembeni akichezea povu na kumuuliza maswali yasiyo na mwisho. Mwezi unakwenda wapi mchana? Kuku ana magoti? Maji yenyewe yalikuwa ya kununua kwenye gari, kwa sababu kisima cha mtaa kiligeuka ladha tangu kiwanda kichimbe bwawa la taka zake juu ya kilima. Kwa hiyo hakuna aliyemwaga maji ovyo. Yale ya sabuni yalisafisha choo. Ya kusuuzia yalikwenda bustanini nyuma ya nyumba, na mchicha ukastawi, majani mapana ya kujivunia. Alichuma wa kupika kwake, na fungu nono akamwachia wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikaa nyumba ya pili, na ua uliowatenganisha ulikuwa na upenyo wa mtu kupita. Alikuwa mjamzito, baada ya miaka ya kungoja na mimba mbili zilizoharibika. Daktari alimwambia ale mboga, na yeye akala kama aliyetumwa.

"Mboga zako ndizo zinazomlea huyu," alisema akijipapasa tumbo. "Akizaliwa mchoyo nitajua ni wewe."

"Akizaliwa na mdomo kama wako, usije ukasingizia mchicha wangu."

Kidoti ndiye aliyeanza kunyamaza. Kwanza yalipungua maswali, na mama yake, Mungu amsamehe, alishukuru kupumzika. Kisha likaja tumbo la kukata kila siku. Kisha mtoto akawa anaanza sentensi na kuiacha katikati, akitazama ukuta. Hapo ndipo mama alipombeba mpaka zahanati. Muuguzi akatoa damu, ikapelekwa kupimwa mbali, na majibu yaliporudi akafunga mlango kwanza ndipo akaongea.

"Ana risasi kwenye damu, mama. Ile wanayoyeyusha pale kiwandani. Inamla akili. Tukiwahi, tutaizuia isiendelee. Akili iliyokwisha kuharibika siwezi kukuahidi. Sare za baba yake zinafuliwa wapi?"

Mama Kidoti akaanza kueleza. Alianza na fahari yake ya kila siku, jinsi anavyokung'uta, anavyofikicha, asivyopoteza hata tone la maji, na kadiri alivyoeleza sauti yake ikazidi kushuka. Alipofika kwenye mchicha wa bustanini, akaiacha sentensi katikati.

"Mboga hizo," muuguzi akauliza, "kuna mwingine anayekula?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Ni sisi tu," akasema.

Habari zilifika kiwandani kabla yeye hajafika nyumbani. Jioni ile afisa uhusiano wa kiwanda alikuja mwenyewe na viatu vyake vinavyong'aa, akaketi kwenye kiti kizuri. Alizungumza kwa upole mno. Bomba la moshi lina machujio, alisema, na vumbi halifiki mtaani, hivyo mtoto amedhurika kwa ufuaji wa humu ndani. Hata hivyo kampuni ina huruma. Itamtibu Kidoti katika hospitali kubwa mpaka mwisho, maadamu jambo hili libaki la familia, lisitoke nje ya kuta hizi. Aliacha miche ya sabuni mezani.

Alipoondoka, mume alikaa ameinamia magoti yake. "Tunyamaze," akasema. "Mtoto apone kwanza. Nikifukuzwa, tutamtibu kwa nini?"

"Na dada yako?"

Akazidi kuinama. Ni mtu mwema, lakini woga haumuulizi mtu kama ni mwema.

Kesho yake wifi aliingia bustanini kama kawaida yake, akainama kwa taabu na tumbo lake, akachuma akiimba chinichini. Mama Kidoti alikuwa dirishani jikoni. Alifungua mdomo. Akamwona Kidoti sakafuni ameshika kijiko asichokumbuka cha kukifanyia, akaifikiria ile hospitali kubwa, akaufunga. Usiku huo hakula wala hakulala. Akili ya mwanawe ilikuwa inapambana na tumbo la wifi yake, na hakuna kilichoshinda.

Asubuhi harufu ya kitunguu ilivuka ua. Hapo hakuweza tena. Alimbeba Kidoti mgongoni, akapita kwenye upenyo, akamkuta wifi yake anakoroga.

"Ipua hiyo sufuria, wifi. Usiile."

"Una nini? Umeitilia sumu?" Wifi alicheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Akamwambia yote, sare, vumbi, maji ya kusuuzia, damu ya Kidoti, afisa na ahadi yake. Wifi alizima jiko. Mikono yake yote miwili ilikuwa tumboni.

"Umejua lini?"

"Juzi."

"Jana ulikuwa dirishani. Ulinitazama nikichuma."

"Nilikutazama."

Wifi aliisukuma sufuria mbali na jiko. Kisha akajifunga kanga. "Twende kwa muuguzi. Utayasema haya mbele yangu, na wenye mboga zao mtaa mzima watayasikia. Hospitali ya kununua midomo yetu waende nayo."

Walitoka pamoja, na njia nzima wifi hakumshika mkono. Kwenye kona walikutana na mume anarudi kutoka zamu, amechoka, sare imeviringishwa kwapani. Aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa.

"Usiingie nayo ndani," dada yake akamwambia, wakampita.

Alikwenda mpaka mlangoni kwake, akasimama na ile sare mkononi, akitafuta pa kuiweka.