Moteri Kwenye Pipa

Tangu Jumatatu moteri ya mtumbwi ilikuwa imefungwa kwenye pipa la maji katikati ya ua, na Jeannine hakuwa na pa kuanika nguo. Mumewe, Kule, aliipandisha kutoka Kasenyi, kule ziwani, juu ya lori la samaki, akaapa ataitengeneza kabla chai haijapoa.

“Ni waya moja tu, Mama Divine.”

“Ile ya jana ao ingine?”

“Ingine. Ya jana iko muzuri.”

Jeannine akafyonya. Wakati wa vita moteri hiyo ilifukiwa kwenye shamba la ndizi ili wenye bunduki wasiichukue, na unyevu ukaila taratibu. Chini ya kifuniko nyaya zilikuwa zimeota kutu ya kijani, zikivunjika kama majani makavu. Kule alikuwa ameunga huku kipande cha waya wa redio, pale cha waya wa pasi, utepe wa skochi juu ya utepe wa skochi. Akishika hapa, panakatika pale. Na waya mpya, aliouleta Jeannine mwenyewe kutoka soko la Ariwara, ulikuwa bado unaning'inia msumarini.

“Tusiharibu waya mupya bure,” Kule alisema. “Hii ya zamani iko na nguvu.”

Hapo ndipo Jeannine alipoingia jikoni, akatoka na kisu cha samaki, akakata fungu lote la viraka na kulitupa majivuni.

“Jeannine!”

Kwa jina hilo hakuwa amemwita tangu mtoto wao Divine azaliwe. Kule akakaa juu ya beseni, uso umemvimba. Mwishowe akainuka, akautoa waya msumarini, akaanza kuumenya kwa meno. Alifunga waya mmoja mmoja mpaka jua likaegemea, akinung'unika, ila chakula hakukikataa.

Kisha akavuta kamba ya kuwashia.

Ta! Ta-ta!

Jeannine alijikuta amechutama nyuma ya pipa, mikono kichwani. Barabarani milango ilibamizwa, watoto wakaitwa kwa majina. Jirani yake, Mama Bernadette, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, sasa hivi tu, akapita mbio na godoro kichwani, mjukuu mgongoni.

“Mama Bernadette! Simama! Ni moteri!” Jeannine alimkimbilia. “Moteri ya bwana yangu!”

“Moteri ya nini?”

“Ya mutumbwi.”

“Mutumbwi? Hapa Bunia?” Bernadette akaliachia godoro likaanguka vumbini, akaketi juu yake, akalia kwa hasira. “Siye tulisema vita imeanza tena.”

Jeannine akambebea godoro mpaka nyumbani. Aliporudi uani, moteri ilikuwa ikinguruma vizuri na Kule akicheka peke yake.

“Unasikia? Inalia!”

“Zima.”

“Lakini Mama Divine—”

“Zima, Baba Divine! Watu wanakimbia na magodoro yao, weye unacheka!”

Akazima. Akachungulia barabara tupu, na kicheko kikamtoka usoni.

“Lazima niiwashe tena, nione kama italia tena kama bunduki,” alisema polepole.

“Utaiwasha. Kwanza niwaambie watu. Usiguse hiyo kamba.”

Jeannine akaenda nyumba kwa nyumba. Wengine walimtukana, wengine walimwonea huruma. Kwa Ambroise, fundi cherehani, mlango haukufunguliwa. Akaongea na mbao: ni moteri tu, italia tena, msikimbie.

“Tumesikia, mama,” sauti ilijibu kutoka chini ya kitanda. “Siye tutangoja humu humu.”