Kijiti Kisichosogea

Jumamosi, tarehe 12 Machi 1955. Asubuhi ilikuwa nzito, haina upepo. Jua lilichomoza jeupe nyuma ya ukungu, na shati lilinishika mgongoni kabla sijatoka nyumbani.

Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkata mkonge wa Pongwe, mwanafunzi wa jioni katika chumba cha kanisa. Wiki ile Mwalimu Methusela alitufundisha kutengeneza kipima unyevu. Unywele wa mtu hurefuka hewani pakiwa na unyevu, hufupika pakikauka. Unaufunga juu ya ubao, na chini unashika kijiti chepesi, karibu na msumari kinaouzungukia. Unywele ukivuta kidogo tu, ncha ya mbali hutembea sana. Nilipolielewa hilo nilimshukuru Mungu, aliyezihesabu nywele zetu.

"Nani ameosha unywele wake kwa magadi?" mwalimu aliuliza Ijumaa.

Wenzangu waliinua mikono. Nami nikainua. Wangu nilikuwa nimeuchomoa kwenye kitana cha mke wangu, Bertha, nikaufunga papo hapo kwa pupa.

Asubuhi ile ya Jumamosi kijiti kilionyesha "kavu". Nikaupulizia unywele pumzi yenye unyevu. Kijiti hakikusogea. Badala ya kutafuta sababu nilipiga magoti, nikaomba, kisha nikakiita kimya chake jibu.

Bertha alitoka jikoni na kibakuli. "Baba Kristina, chumvi imetoa maji. Leo mvua."

"Chumvi haijasoma."

"Hata unywele wangu haujasoma. Ninao kichwani, naujua."

Ndipo alipoingia Bi Mwatima, jirani yetu mjane, mtu wa Pemba. Makopa yake, mihogo iliyomenywa ikaanikwa, yalikuwa juani siku ya tatu. Ndiyo chakula cha wajukuu wake mpaka mihogo mingine ikomae.

"Shikamoo, Bi Mwatima," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naenda Mwera, kwenye hitima ya dada yangu. Niyaanue makopa, au niyaache? Nasikia una kijiti kinachojua."

Bertha alinitazama.

"Yaache, mama," nikasema. "Hewa ni kavu."

Mvua ilishuka saa nane. Mimi nilikuwa shambani, naye Bertha alikuwa kwenye uwanja wa kuanika mkonge. Tulipofika mbio, mikeka ilikuwa inaelea na makopa yamezama topeni. Nyumbani kwetu, kijiti kilikuwa palepale kwenye "kavu".

Bi Mwatima alirudi jioni, akayatazama. "Mvua ni ya Mungu. Chombo kimekosea tu, usijilaumu."

Nikainama kuikusanya mikeka. Kanisani Jumapili sikuweza kuimba.

Jumatatu makopa yalikuwa yameota ukungu mweusi. Nikapeleka ubao darasani. Mwalimu alisugua unywele kwa vidole, akavinusa.

"Nazi," akasema. "Mafuta yameuvika koti. Mvuke utaingilia wapi? Wake zetu wote hujipaka, ndiyo maana nilisema magadi. Uliosha, lakini pengine hayakutoka vizuri?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea. Darasa zima lilisubiri.

"Sikuosha, mwalimu. Nilidanganya."

Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi. Nikamwomba anisindikize kwa Bi Mwatima. Tulimkuta uani anachagua vipande vilivyosalia, na Bertha anamsaidia. Nikamweleza yote, hata ile pumzi.

Aliweka ungo chini. "Kwa hiyo ulijua hakisogei?"

"Nilijua."

"Nilikuuliza kama mama anavyomuuliza mwanawe. Ungesema hujui, ningeanua. Kazi ya nusu saa."

Mwalimu alitazama miguu yake.

"Basi sema mbele ya hawa utakalofanya," akasema Bi Mwatima. "Majuto yako moyoni hayawalishi wajukuu."

Nikavua kofia. "Mbele ya Mungu, na mwalimu, na mke wangu: mihogo yangu ya nyuma ya nyumba ni yako, mama, yote. Nitaichimba mwenyewe, nitaimenya, nitaianika, na kila jioni nitaianua kwa mikono yangu mpaka ikauke. Na mtu akiniuliza jambo nisilolijua, nitamwambia sijui."