Sentensi za Madam

Kitabu cha Zedekiah kilinichefua tangu siku ya kwanza. Zedekiah ni wakala anayepeleka wasichana kufanya kazi za nyumbani Uarabuni, nami aliniajiri niwafundishe Kiingereza katika chumba kilicho juu ya saluni za Kenyatta Market. Kitabu kizima ni maneno ya mwenye kutumwa: I must wash, I must cook, I must not go out. Lazima nifue, lazima nipike, marufuku nitoke. Hakuna hata sentensi moja ya kumwambia tajiri kwamba naye ana wajibu. Mwenye nguvu mpishe, basi, mpaka kwenye sarufi?

Nilikifunga kwa hasira, nikaandika ubaoni: You must pay me. You should let me rest. You must not keep my passport. Lazima unilipe, yafaa uniache nipumzike, marufuku ukae na pasipoti yangu. Wasichana wakasoma kwa sauti mpaka wasusi wa chini wakanyamaza.

Siku ya mtihani Zedekiah alikuja mwenyewe, na mkobani mwake zimo pasipoti za darasa zima. Alizichukua walipojiandikisha na hakuwa amezirudisha. Akajifanya Madam, yule tajiri wa kike wa Uarabuni, awajaribu mmoja mmoja.

"Give me your passport," akamwambia Everlyn, aliyekuwa yaya katika mtaa wa Kileleshwa.

"You must not keep my passport."

Zedekiah akanigeukia. "Mwalimu Waridi, hii ndio nakulipa ufundishe?"

"Ulitaka Kiingereza. Hicho ni Kiingereza safi."

"Huyu amefeli. Siwezi peleka mtu wa kujibizana huko." Akachopoa pasipoti ya Everlyn, akamtupia. "Enda nyumbani."

Everlyn aliiokota, akaipangusa, akaitia kifuani. Wenzake wote waliona. Ivyne alipoulizwa akajibu vilevile, akatupiwa yake. Wa tatu naye akafeli, na wa nne. Nusu ya darasa walikuwa wamepata pasipoti zao kabla yule bwana hajang'amua kwamba wanafeli makusudi. Nilicheka waziwazi, Mungu anisamehe.

Ikafika zamu ya Mercyline, mwanafunzi wangu hodari kuliko wote. Mama yake amelazwa hospitali kubwa pale karibu, na hawamruhusu aondoke mpaka bili ilipwe, nayo safari ya Uarabuni ndiyo tegemeo la kuilipa.

"Give me your passport."

Alinitazama kwanza. "Yes, Madam. I must."

Zedekiah akatabasamu, akafunga mkoba, pasipoti yake na za waliobaki zikiwa ndani. Mimi akanifukuza papo hapo.

Mercyline alinifuata kwenye ngazi, akanishika buibui. "Mwalimu, usinikasirikie. Mama ako huko. Ungekuwa mimi ungefanya aje?"

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wasichana kushauri, you should hiki, you should kile. Sentensi hizo nikaziacha juu ubaoni. Nilikuwa na hasira tele, lakini si kwake. Nikamshika mkono tukashuka pamoja, naye njia nzima akirudia kwa sauti ndogo, kama anayefanya mazoezi: You must pay me. You must pay me.