Reli ya Chumba cha Nyuma

Mshonaji alikuwa amepeleka saa yake ya ukutani kutengenezwa kwa Fundi Saa. Alipochungulia nyuma ya kaunta aliona meza pana ya plaiwudi, na juu yake reli nyembamba kama uzi wa viatu, pamoja na behewa jekundu lisilozidi kidole gumba.

"Hiki kitu ni cha watoto?" aliuliza.

Fundi Saa alivua lenzi jichoni, akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Watoto wakikigusa, dada, tutaonana polisi."

Kisha akamweleza: ile ni stesheni ya kwao, mji aliozaliwa, kabla treni hazijaacha kupita. Mshonaji alicheka, halafu akaegemea kaunta. Hata yeye kwao ni huko huko. Baba yake alikuwa akipaka mafuta magurudumu kwenye karakana ya pale.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi mchana Mshonaji alifunika cherehani yake na kwenda chumba cha nyuma. Wa tatu wao alikuwa jirani muuza nyama, ambaye wote walimwita Bucha. Bucha alikulia kila mahali baba yake alikopata kibarua, kwa hiyo hakuwa na kwao. Akaamua kuazima kwao kwa wenzake.

Walikuwa wakifundishana huku wakichekana. "Kibanio chako kinarusha vitu kwa sababu ncha zimechoka," Mshonaji alimwambia Fundi Saa. "Zibane pamoja, uzipige msasa." Fundi Saa naye alimwambia Bucha asikate reli kwa koleo, itapondeka. Achukue msumeno wa meno madogo, aende taratibu kama anayenyoa mgonjwa. Bucha alijibu kwamba kwa mambo ya kukata haambiwi kitu: kisu butu ndicho kinachokula vidole, kikali hakina ugomvi na mtu.

Mikono ikiwa kazini, midomo ilirudi nyumbani. Yule mama aliyeanika nguo kwenye waya wa ishara za treni mpaka bwana stesheni akaenda kumpigia magoti. Harufu ya grisi mlangoni, ndipo ujue baba amerudi. Dirisha la tiketi lilikuwa kushoto au kulia? Kwa hilo waligombana wiki nzima, na Bucha, asiyewahi kufika, alikuwa mkali kuliko wote.

Halafu siku moja Fundi Saa alikuwa akigundisha benchi dogo kama punje ya mchele, na benchi likaangukia juu ya paa.

"Upepo," alisema.

Dirisha lilikuwa limefungwa.

Ushauri ukaanza kumiminika. Egemeza kiwiko. Tumia koleo zito, uzito hutuliza mkono. Chukua gundi inayochelewa kukauka, ikupe nafasi ya kurekebisha. Mshonaji alimshonea kimto cha mchanga cha kulaza kifundo cha mkono. Kila dawa ilisaidia kidogo, kisha mkono ukaizoea na kurudia kutetemeka kwake.

"Daktari amesema ugonjwa huu unakwenda mbele tu," Fundi Saa aliwaambia hatimaye. "Nikamwambia, kumbe ni treni isiyo na breki. Hakucheka. Watu wale hawana utani."

Wateja wa saa walianza kupungua. Nani atamwachia saa yake mtu anayemwaga chai?

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," Bucha alimfariji.

"Koleo ni zima, Bucha. Mhunzi ndiye aliyevunjika."

Mshonaji akamwambia, "Kaka, wewe sema, mimi nitatenda. Mikono yangu ihesabu ni yako." Wakafanya hivyo. Fundi Saa alikaa ameikalia mikono yake, akielekeza kwa kidevu. Mshonaji akapanga nyumba za wafanyakazi wa reli, zote.

"Nzuri," alisema Fundi Saa, kwa sauti ya mtu anayesifu nguo isiyomkaa. Kisha akaongeza, "Unashona, dada. Kila kitu kimenyooka. Kule hakuna kilichokuwa kimenyooka."

Mshonaji alizibandua kabla gundi haijakauka, akazipinda moja moja. Lakini kitu kilichopindwa makusudi hujulikana. Yeye mwenyewe aliliona hilo.

Ikatokea Bucha amesafiri kununua ng'ombe, na kwa wema wake akapitia ule mji wa wenzake. Aliporudi hakukaa hata kitini.

"Reli wameing'oa. Nyumba zile hazipo, ni majani mpaka kifuani. Nilimuuliza mchunga mbuzi stesheni ilikuwa wapi. Akaniuliza, stesheni ndiyo nini?"

Mshonaji aliweka msasa chini. Miaka yote alikuwa akisema ataenda siku moja.

"Ungenyamaza tu," alisema Fundi Saa.

"Nilidhani mtapenda kujua."

"Mtu hupenda kujua jambo analoweza kulifanyia kitu."

Kisha, kana kwamba anabishana na mtu, akanyoosha mkono kwenye swichi ya mwendo, ile ya kuzungusha, awashe treni. Mkono uliruka. Treni ikafyatuka, ikaacha reli kwenye kona, ikaanguka sakafuni. Aliinama kuiokota, vidole vikakataa kuifumbata. Mshonaji akapiga magoti.

"Ni ekseli tu imepinda, nitainyoosha."

"Iache."

"Kaka, ni kazi ndogo…"

"Dada. Iache hapo."

Akaiacha.

Haukupita muda mrefu binti wa Fundi Saa akaja kumchukua baba yake. Binti mwema, lakini anakoishi ni ghorofani, vyumba viwili na watoto, na meza ile isingepita hata mlangoni. Kwa Mshonaji wajukuu walilala chini ya cherehani. Bucha alikuwa na duka la maji na damu. Walijaribu kubandua nyumba kwa wembe wazigawane, lakini gundi waliyoichagua kwa umakini ule ilishika kisawasawa. Kila walichobandua kilivunjika. Mwisho Bucha akavunja vilivyobaki kwa viganja vyake, akiwa amegeuza uso. Mpangaji mpya wa duka la saa aliichukua plaiwudi kuwa rafu ya vifuniko vya simu.

Mshonaji alimpigia simu Fundi Saa mara kwa mara. Binti ndiye aliyemshikia simu sikioni. Mwanzoni Fundi Saa aliuliza habari za Bucha, na vipi macho ya dada, bado anatunga uzi bila miwani? Baadaye Mshonaji akawa anaongea peke yake, akimsimulia habari za karakana, za grisi, za yule mama wa nguo. Upande wa pili uliitikia, "Mm." Hata hiyo ikafifia.

"Anakusikia, mama," binti alisema. "Sijui kama anakuelewa."

Mshonaji alishukuru, akakata simu. Alikaa kidogo, kisha akavuta mbele yake rundo la sare za shule zilizohitaji kukunjwa pindo, akaweka mguu kwenye cherehani.